Mama Sita na Kopo la Maziwa

Mama yangu alipona. Naliweka hili mwanzoni kabisa kwa sababu sipendi simulizi zinazoficha kama mgonjwa alipona mpaka ukurasa wa mwisho ili msomaji alie. Alipona, akarudi nyumbani kwetu Campbelltown, kusini-magharibi mwa Sydney, na kimashine cha oksijeni, na leo anaweza kunifokea kutoka chumba cha pili bila kukatika pumzi. Ninachotaka kusimulia ni yaliyotupata sisi watoto watatu wakati hayupo. Watu wakiniuliza utoto wangu ulikuwaje, nawajibu kwamba ulikuwa mzuri, na nikisema hivyo huwa nazifikiria siku zilezile ambazo nilikata tamaa kuliko siku zozote nyingine nilizowahi kuishi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na tisa, na kitinda mimba wetu, mvulana, alikuwa na mitatu. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Kongo, na tulifika Sydney nikiwa nimeanza kung'oka meno. Baba hakuwa nasi. Hiyo ni habari nyingine na sina hamu nayo hapa. Mama alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa kule Ingleburn, akipanga maboksi kwenye baridi na soksi jozi tatu miguuni. Mwaka wa pili wa korona mji mzima ulifungwa, na sisi wa kusini-magharibi tukafungwa kwa kufuli la ziada, lakini yeye aliendelea kwenda kazini kwa kuwa waliambiwa kazi yao ni ya lazima. Hakuna aliyewaambia kwamba na wao wenyewe ni wa lazima.

Gari la wagonjwa lilimchukua Alhamisi asubuhi. Wahudumu walikuwa wawili, wamejifunika mpaka macho, na mmoja akauliza ni mtu mzima gani atakayebaki na watoto. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, midomo imempauka. Akajibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba dada yake yuko njiani, anakuja sasa hivi. Mama ana dada mmoja tu, na huyo yuko Uvira, kule Kongo. Yule mhudumu akaandika. Kisha mama akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, haraka, kama mtu anayeaga kwenye dirisha la basi:

"Ni siku mbili tu. Usifungulie mutu mulango. Na usimwambie mutu kama muko benyewe."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Kila mtu kanisani kwetu alijua habari ya familia moja ambayo mama aliugua na serikali ikaja kuwachukua watoto, wanne, ikawagawa kwenye nyumba tatu, tena kila nyumba na mji wake. Sijawahi kukutana na mtu aliyewaona watoto hao kwa macho yake. Lakini habari ile ilikuwa imeshatuingia kwenye damu, na wazazi wetu, waliowahi kupotezana na ndugu zao njiani kwa kukimbia vita, hawakuwa watu wa kungoja ushahidi. Mimi pia niliamini. Nilijua kwamba siku watakapogundua tuko peke yetu, kitinda mimba atakwenda kwake, mdogo wangu kwake, na mimi kwangu.

Watu wa afya walikuwa wakipiga simu kila siku kuuliza hali zetu, maana nyumba yenye mgonjwa ilitakiwa kujifungia siku kumi na nne. Siku ya kwanza walitaka kuongea na mama mdogo wetu, nikasema yuko bafuni. Siku ya pili nikasema amelala. Siku ya tatu niliona aibu kuwa na mama mdogo asiye na kazi ila kuoga na kulala, nikaishusha sauti yangu mpaka kifuani, nikawa yeye. Niliongea Kiingereza cha kuvunjavunja, kile cha mama zetu, huku mdogo wangu amejibana mto usoni asicheke. Ndiyo, watoto wanakula. Hapana, hakuna mwenye homa. Yule mwanamke wa upande wa pili alikuwa mpole, akanisifu kwa kuwatunza watoto wa dada yangu. Nilipokata simu nililia. Tangu mama aondoke, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nafanya vizuri.

Siku mbili alizoahidi mama zilikuwa zimeshapita. Alikuwa hospitali ya Liverpool, kitongoji cha hukuhuku Sydney, amevishwa barakoa ya hewa, na ujumbe wake wa sauti ulizidi kuwa mfupi, mpaka siku ya nne akaacha kuongea, akawa anaandika tu. Aliandika: mumekula? Niliandika: ndiyo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Lakini kabla sauti haijamwishia, alikuwa amewaambia wenzake wa korale. Mama aliimba korale, yaani kwaya ya kanisa letu, na wanawake wale ndio waliokuwa ndugu zake wa Australia. Nadhani alipomwambia mhudumu kwamba dada yake yuko njiani, kwa nusu alikuwa anasema kweli. Walikuwa sita. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuja. Ukiingia kwenye nyumba ya ugonjwa hutoki mpaka siku zako ziishe, na wote walikuwa na watoto, na wengine walikuwa na wazee wa kuwahudumia kazini. Basi wakafanya walichokijua. Walipanga zamu, kama wanavyopangiwa kazini, wakatulea kwa simu.

Simu ya mama, ambayo aliniachia akachukua ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, iliegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya meza ya jikoni. Iliwashwa saa moja asubuhi na haikuzimwa mpaka kitinda mimba alipolala jioni. Muda wote huo kulikuwa na uso wa mama mmoja pale. Kuna aliyenifundisha kusuka. Alimweka binti yake mbele yake kule kwao, mimi nikamweka mdogo wangu mbele yangu huku, na kila alipogawa nywele na mimi nikagawa, mkono kwa mkono, mpaka nikapata mistari iliyopinda kama barabara ya mlimani lakini mistari hata hivyo. Kuna aliyekagua sahani; ilibidi nizinyanyue moja moja mbele ya kamera aone zimekwisha. Na kuna mmoja aliyetoka zamu ya usiku ya kuwahudumia wazee, akawasha simu, akatusalimia vizuri, halafu akalala palepale kwenye kochi lake na mdomo wazi. Zamu yake ilikuwa saa tatu nzima na alikoroma saa tatu nzima. Tulikaa mezani tukichora na kufanya masomo ya shule, mtu mzima anapumua karibu yetu. Sijui kama aliwahi kujua kwamba zamu yake ndiyo tuliyoipenda kuliko zote.

Zamu ya kwanza ya siku ilikuwa ya mama mmoja mwembamba, mkali, ambaye nitamwita mama wa asubuhi. Alikuwa anasafisha ofisi, na ofisi zilipofungwa akabaki nyumbani kwake karibu na Liverpool na mume na watoto wanne. Huyu hakuwa na utani. Alitaka meno yapigwe mswaki mbele yake, vitanda vitandikwe, na kila asubuhi alimtaka kitinda mimba aweke shavu lake kwenye kioo cha simu. Akishaona shavu halijawa jekundu, anasema, "Bon, sawa, leo tunaishi."

Nisidanganye, sikuwa shujaa. Wiki ile ya kwanza ilipokuwa inaisha majibu ya vipimo tulivyofanyiwa pamoja na mama kabla hajaondoka yalirudi, na mdogo wangu alikuwa ameambukizwa, na siku zetu za kufungiwa zikaanza kuhesabiwa upya. Hakuumwa sana, mafua tu na kutosikia harufu. Lakini mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilikuwa nikiingia bafuni, nafungua bomba, najifunga taulo la mama kichwani ili mama wa zamu asinisikie nikilia. Niliomba nife mimi kwanza, kisha nikakumbuka kwamba nikifa mimi wale wawili watagawanywa, nikaomba nisife.

Kisha wakaja wanajeshi. Wakati ule serikali ilikuwa imewatuma pamoja na polisi kupita nyumba zilizofungiwa, kuhakikisha watu wamo ndani na kuuliza kama wanahitaji kitu. Leo najua hivyo. Asubuhi ile nilichoona ni gari la rangi ya majani chini kwenye maegesho, na vijana wawili wenye sare za mabaka, wale mama zetu wanaowaita basoda, wakipanda ngazi zetu nyuma ya polisi. Niliinua simu niielekeze dirishani ili mama wa asubuhi aone na yeye.

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuona uso ukizimika vile.

"Basoda," akasema kwa sauti ya chini. "Mulale chini ya kitanda. Wote. Muzibe mutoto kinywa."

Sikuuliza. Nilimbeba kitinda mimba, nikamvuta mdogo wangu mkono, tukaingia chini ya kitanda cha mama katikati ya masanduku. Walibisha mara ya kwanza. Nilitazama simu niliyokuwa nimeishika nikaona dari ya nyumba ya mama wa asubuhi, kisha kiti, kisha yeye. Alikuwa amelala chini ya meza yake, vituo kadhaa vya treni kutoka kwetu, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameibishia hodi. Mkono wake mmoja ulikuwa umemfunika binti yake mdogo wa miaka minne. Mdogo wangu aliyeona picha ile pamoja nami, ambaye mpaka hapo alidhani tunacheza, alijikunja nyuma ya sanduku. Wakabisha mara ya pili, wakaita kwa Kiingereza, wakabisha mara ya tatu. Kitinda mimba alinikojolea kifuani. Hakulia. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa Sydney, ambaye hajawahi kuona vita, na alijua kunyamaza vizuri kuliko sote.

Walipoondoka walipenyeza karatasi chini ya mlango. Niliisoma nikiwa nimesimama na nguo iliyolowa. Ilisema kwamba wamefika na hawakukuta mtu, kwamba kutoka nje wakati wa kufungiwa ni kosa, na kwamba watarudi kesho.

Mchana ule mama wote sita walikutana kwenye kioo kimoja, kila mmoja kwenye kijidirisha chake, wakagombana. Mmoja alisema niseme ukweli, serikali ya hapa siyo ile tuliyoikimbia. Mwingine akamjia juu, akamuuliza kama ni yeye atakayemweleza mama yetu akirudi na kukuta vitanda vitupu. Mwingine akataka nipande treni na wadogo zangu niende kwake, na ilibidi wenzake wamkumbushe kwamba mdogo wangu ana ugonjwa wenyewe. Mama wa asubuhi alikuwepo lakini alikuwa amezima kamera. Wakamaliza bila kukubaliana, wakaomba, wakaniambia Mungu yupo.

Niliamua mwenyewe kwamba kesho nitafungua. Kujificha mara ya pili kungeleta kuvunjiwa mlango. Nikaanza kupanga nguo za kila mtu kwenye begi lake: za mdogo wangu kwenye la shule, za kitinda mimba kwenye la nepi, zangu kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nakunja soksi vizuri kabisa nilipotambua ninachokifanya. Nilikuwa nawarahisishia kazi. Nilizitoa nguo zote nikazimwaga sakafuni, nikazichanganya, chupi na sweta na nepi, nikazishindilia kwenye begi moja kubwa la mama na kuikaza zipu kwa goti. Nikasema moyoni, atakayetaka kumchukua mmoja atabidi achukue na nguo za wenzake. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nilikaa juu ya begi lile nikalia mpaka pua ikaziba.

Asubuhi yake simu iliegemea kopo kama kawaida, lakini saa moja ikapita na mama wa asubuhi hakutokea. Hajawahi kukosa zamu. Saa mbili bado. Nikajua amekufa moyo na sisi, na sikumlaumu. Ilipokaribia saa tatu mlango ukabishwa. Niliwaweka wadogo zangu nyuma yangu, nikavuta pumzi, nikafungua.

Alikuwa ni yeye. Alivaa barakoa mbili na kitenge cha kanisani, kichwani ana godoro jembamba lililokunjwa, mkononi sufuria iliyofungwa kwa taulo. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa ukaribu tangu mji ufungwe, nikashangaa alivyo mfupi. Nikamwambia asiingie, kuna ugonjwa. Akanisukuma kwa kiwiko akapita.

"Nimeshawapigia polisi," akasema, huku akitafuta pa kuweka godoro. "Nimetumia mkalimani wa simu. Nimewaambia mimi ni mama yenu mudogo, nimechelewa kufika, sasa nimefika."

Wanajeshi walirudi kabla ya saa sita. Alifungua mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma yake, na kutoka pale niliona kile ambacho wao hawakukiona: mkono mmoja ameuficha nyuma, kidole gumba ameking'ang'ania ndani ya ngumi. Yule kijana wa sare, ambaye bado alikuwa na chunusi za ujana usoni, alisimama mbali kabisa, akasoma majina yetu kwenye karatasi, akauliza kama tuna chakula. Akaacha boksi la tambi na maharage ya kopo, akatutakia siku njema. Mama wa asubuhi alifunga mlango, akaingia bafuni, akafungua bomba. Nililijua bomba lile.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka nikisema utoto wangu ulikuwa mzuri. Tulikula sombe ya majani ya muhogo na ndagala, yaani dagaa, mpaka jirani wa juu akafunga madirisha kwa harufu. Alifumua nywele zote nilizomsuka mdogo wangu, akinichamba mstari kwa mstari, akanisuka na mimi. Alitufundisha sauti ya pili ya nyimbo za korale kwa kutugonga kichwani kwa mwiko kila tukipotea. Alimbeba kitinda mimba mgongoni huku anasonga bugali, mtoto mzima wa miaka mitatu, na mtoto akalala pale mgongoni kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Mimi nilirudi kuwa na miaka kumi na mitatu. Nilinuna, nilikataa kuosha vyombo, niligombania rimoti, na kila aliponifokea nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Siku yake ya tano kwetu, hospitali ilipiga. Mama alikuwa amelazwa usingizi wa dawa, mashine inampumulia. Mama wa asubuhi alinipokonya simu, akamsikiliza mkalimani mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akashukuru. Kisha akawasha jiko, maana ulikuwa wakati wa chakula.

Kila jioni wakati wa kula simu iliwekwa pale kwenye kopo, na sasa waliokuwa kwenye kioo ni watoto wake wanne na mume wake. Ndio aliokuwa akiwalea kwa simu. Aliwauliza kama wamepiga mswaki. Aliwataka wanyanyue sahani. Walikaa mstari mmoja kwenye kochi, wakubwa wakijibu kwa Kiingereza kama sote tulivyowajibu wazazi wetu, na yule mdogo wa miaka minne, ambaye ndiye aliyelala naye chini ya meza, alikuwa anatazama tu.

Jioni ile ya habari ya mashine, kitinda mimba wetu alikuwa amekaa mapajani mwa mama wa asubuhi, naye anamlisha tonge kwa mkono, anapuliza kwanza, anamwekea mdomoni. Yule binti mdogo akausogelea kioo mpaka tukaona jicho moja na nusu ya pua.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, "umehama?"

Tonge lilisimama hewani. Baba yake alimvuta nyuma taratibu. Kitinda mimba alibaki amefungua mdomo, anangoja. Mimi nilikuwa ng'ambo ya meza, nimeshika kijiko, na nilijua vizuri kabisa kwamba huyu ni mama wa binti yule, kwamba binti ana miaka minne, kwamba analala bila yeye kwa sababu yetu. Mama yangu mwenyewe alikuwa hapumui bila mashine, na mimi, nikiwa namtazama mtoto yule machoni, nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote aambiwe ndiyo.